JIKONI NA MWALIMU: Mkate wa sikukuu unaotoka kwenye dengu

   

Mwezi huu tutapika kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukisikia. Ni mkate mtamu wa Wahindi, unaopikwa kwenye sikukuu yao ya Holi. Msikimbie ukurasa! Najua kuna mtu atasema, "Mwalimu naye, sisi tunatafuta chumvi, yeye anatuletea mambo ya India." Subirini kwanza. Kitu kikubwa kilichomo ndani ya mkate huo mnakijua vizuri sana, tena wengine mmeshakichoka. Ni dengu.

Insha ya mistari miwili

Nianze na darasani, maana habari yenyewe ilianzia huko. Mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa, niliwapa watoto wa darasa la nne insha yenye kichwa "Sikukuu nyumbani kwetu". Wengine waliandika ukurasa mzima. Kuna aliyeandika habari za mbuzi wa babu yake, kumbe mbuzi mwenyewe hajawahi kumwona, amesimuliwa tu na mama, kwa sababu yeye kazaliwa hapa hapa kambini. Mtoto mmoja wa kike akaandika mistari miwili: "Kwetu hakukuwa na sikukuu. Tulikula dengu."

Nilikaa na daftari lile mkononi muda mrefu. Sarufi ilikuwa sawa, nukta ameweka mahali pake, herufi kubwa ipo. Lakini nilishindwa kumpa alama. Ningemwandikia nini? "Vizuri sana"? Au "Ongeza maelezo"?

Ndipo nikamkumbuka dada mmoja Mhindi. Miaka michache iliyopita alikuja kutusaidia kwenye semina ya sisi walimu wa kujitolea. Kwao ni Pune, mji wa jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Saa ya chakula tukaletewa ugali na dengu. Sisi tukavuta sahani bila raha yoyote. Yeye akachungulia kwenye sufuria, akacheka, akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Kwetu hii, sukari ndani, mkate juu, sikukuu kubwa!" Tukadhani anatutania. Jioni akatuandikia mapishi nyuma ya karatasi ya semina, na mimi karatasi ile ninayo mpaka leo.

Holi ni sikukuu gani?

Holi ni sikukuu ya Wahindu. Huja mwezi mpevu wa mwezi wao unaoitwa Phalgun, yaani kwa kalenda yetu ni mwishoni mwa Februari au mwezi wa Machi. Wakati huo kule kwao baridi inaondoka na joto kali bado halijafika. Miti inatoa majani mapya. Ngano na dengu zilizopandwa wakati wa baridi zinaanza kuvunwa, na miwa ndiyo inamaliza kukatwa na kukamuliwa. Kumbukeni hivyo vitu vitatu, ngano, dengu na miwa, maana ndivyo mkate wetu wenyewe.

Usiku wa mwezi mpevu watu huwasha moto mkubwa nje. Wanasimulia habari za mtoto Prahlad, aliyekataa kumwabudu baba yake, mfalme Hiranyakashipu, aliyetaka watu wote wamwabudu yeye. Shangazi yake, Holika, alikuwa na kinga ya kutoungua. Akamchukua mtoto wakakaa wote ndani ya moto, ili mtoto afe. Ikawa kinyume, shangazi akaungua, mtoto akatoka mzima. Jina la sikukuu limetokana na huyo Holika. Baada ya moto watu hurushiana unga wa rangi na maji ya rangi, mkubwa na mdogo, mpaka usoni hutambui nani ni nani.

Huko Maharashtra, siku ya moto kila nyumba inayojiweza hupika mkate uitwao puran poli. Puran ni zile dengu tamu za ndani, na poli ni mkate wenyewe. Mkate mmoja huwekwa motoni kama sadaka pamoja na nazi, halafu watu ndio wanakula. Na si siku ya Holi peke yake. Ipo siku nyingine, wanayoiita Pola, ambapo wakulima huwapumzisha ng'ombe dume wanaolima, huwaosha, huwapaka rangi pembe, na huwalisha puran poli. Fikirieni, ng'ombe analishwa mkate wa sikukuu kwa kuwa naye amefanya kazi!

Mimi sifundishi dini ya mtu hapa. Sisi tuna makanisa yetu na misikiti yetu, tuna sala zetu. Tunachukua mapishi tu, kama wazee wetu walivyochukua chapati kwa Wahindi hao hao, na leo hakuna anayeuliza chapati ilitoka wapi.

Mkate mmoja, majina mengi

Mkate huu ni wa zamani sana. Umetajwa katika kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Manasollasa, cha karne ya 12, wakati wa mfalme Someshvara wa Tatu. Na kila jimbo lina jina lake. Jimbo la Karnataka wanauita holige au obbattu. Wenye lugha ya Kitelugu wanauita bobbatlu, nao huupika hasa kwenye mwaka wao mpya, Ugadi, unaokuja Machi au Aprili. Wagujarati wanauita vedmi, na wao badala ya dengu hutumia mbaazi. Mbaazi hizi hizi tunazozijua! Mbaazi nyingi zinazolimwa Tanzania, Malawi na Msumbiji huuzwa huko huko India.

Hapa nifafanue jambo, maana jina "dengu" linachanganya. Hapa kambini tukisema dengu, wengi tunamaanisha zile punje za njano za kwenye mgao, zilizokobolewa na kupasuliwa katikati. Kwa kweli zile ni njegere kavu. Watu wa Maharashtra hutumia dengu zenyewe, zinazofanana na zetu kwa rangi na umbo, ila ni ngumu kidogo kuiva. Basi mtu atauliza, "Mwalimu, sasa si mkate mwingine huo?" Hapana. Na sababu yake nitawaambia.

Watu waliohama nao

Kuanzia mwaka 1834 Waingereza walichukua Wahindi wengi kwa mikataba ya kazi, wakawapeleka kulima miwa kisiwani Mauritius. Mwaka 1845 meli ya kwanza ikawafikisha wengine Trinidad, mbali kabisa, upande wa Amerika. Wengi hawakurudi kwao tena. Wakaendelea kupika mikate yao ya kujaza dengu. Leo ukienda Mauritius utakuta mkate mwembamba wa kujazwa unauzwa kila kona ya barabara, unaitwa dholl puri. Trinidad wanauita dhalpuri. Huo hauna sukari, ni wa kulia mchuzi, lakini ni ndugu wa huu wetu. Na ndani yake huwa kuna nini? Njegere za njano zilizopasuliwa. Zile zile za kwenye mgao wetu.

Kwa hiyo ukipika mkate huu kwa punje za mgao, usijione unaiga kwa kubahatisha. Watu waliotolewa kwao wameshapita njia hiyo kabla yako.

Na kuna wengine waliokaa kambini kama sisi. Mwaka 1947 India ilipogawanywa na nchi ya Pakistan ikazaliwa, Wahindu wengi wa Sindh walikimbia makwao. Wengi sana wakawekwa kwenye kambi ya kijeshi iliyoachwa baada ya Vita Kuu ya Pili, huko Kalyan, karibu na Mumbai, jimbo lile lile la Maharashtra. Walifika na mabegi tu, wengine bila begi. Wasindhi nao wana kitu chao kitamu cha Holi, kinaitwa ghiyar, kinakaangwa kwa mviringo mkubwa kisha kinachovywa kwenye sukari iliyoyeyushwa. Kambi ile mwaka 1949 ilipewa jina la Ulhasnagar, na leo ni mji mkubwa. Ikifika Holi, ghiyar bado inauzwa huko.

Basi, tuingie jikoni.

Vitu vinavyohitajika

Kipimo ni kikombe cha kawaida cha chai. Utapata mikate kama 8.

Kwa ajili ya ndani:
- dengu za njano kikombe 1
- sukari guru iliyokatwakatwa kikombe 1. Ni ile sukari ya mabonge, ya rangi ya udongo, inayopikwa kutoka kwenye maji ya miwa. Ukikosa, sukari ya kawaida robo tatu ya kikombe inatosha
- iliki punje 4 zilizotwangwa, au kungumanga kidogo ya kukwangua. Ukikosa vyote, acha
- chumvi, ncha ya kijiko

Kwa ajili ya mkate:
- unga wa ngano kikombe 1 na nusu
- mafuta vijiko vikubwa 3
- chumvi kidogo
- manjano ncha ya kijiko, kama unayo, kwa ajili ya rangi
- maji ya kukandia

Weka pembeni unga mkavu kidogo wa kusukumia, na mafuta au samli ya kupaka.

Namna ya kutengeneza

1. Chambua dengu, toa mawe. Osha mpaka maji yawe meupe. Loweka kwa saa 2 au zaidi. Usiruke hatua hii, maana dengu zilizolowekwa huiva upesi, na kuni mnajua wenyewe zinavyopatikana.

2. Zipike kwa maji vikombe 3. Toa povu linalopanda juu. Anza kuziangalia mapema, kwa sababu njegere hizi zetu huvurugika haraka. Tunataka punje inayobonyezeka yote ukiifinya kati ya vidole viwili, lakini bado unaiona ni punje. Zikishakuwa uji umechelewa.

3. Epua, chuja. Maji yake usimwage! Yaweke kwenye bakuli. Weka humo pia vijiko viwili vya dengu zilizoiva, kabla hujatia sukari. Tutarudi kwenye bakuli hilo.

4. Rudisha dengu zilizobaki kwenye sufuria, tia sukari na chumvi, weka kwenye moto mdogo. Sasa hapa wengi wataogopa, maana sukari ikianza kuyeyuka dengu zinalegea kabisa, utafikiri umeharibu. Hujaharibu. Endelea kukoroga bila kuacha, mpaka chini, maana inashika upesi. Watoto wakae mbali, sukari ya moto ikimrukia mtu inaunguza kuliko maji.

5. Utajuaje imekuwa tayari? Wamama wa Maharashtra husimamisha mwiko katikati ya sufuria. Ukianguka, bado. Ukisimama wenyewe, epua. Tia iliki.

6. Ponda ingali ya moto, mpaka iwe laini bila punje hata moja. Wao wana chombo maalumu cha kusaga. Sisi tuna kinu na mchi, au ponda kwa sehemu ya nyuma ya kikombe cha chuma. Punje moja ikibaki, ndiyo itakayotoboa mkate wako. Ikishapoa, finyanga madonge 8.

7. Wakati dengu ziko motoni, kanda unga. Changanya unga, chumvi na manjano, tia maji kidogo kidogo. Uwe laini kupita ule wa chapati, karibu unate mkononi. Kisha ongeza mafuta na ukande tena mpaka unyooke ukiuvuta, usikatike. Funika, uache upumzike saa 1 au zaidi. Gawanya madonge 8.

8. Chukua donge la unga, lipanue kwenye kiganja kama kikombe. Weka donge la dengu ndani. Donge la dengu liwe sawa na lile la unga, na mafundi huweka hata kubwa zaidi. Vuta kingo zikutane juu, finya zifunge, toa kipande cha unga kinachozidi.

9. Nyunyiza unga mkavu kwenye kibao. Bonyeza donge kwa vidole kwanza, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili dengu zisambae. Halafu ndiyo usukume, kwa mkono mwepesi. Kama huna mti wa kusukumia, tumia chupa safi. Usigandamize katikati kama chapati, utapasuka.

10. Choma kwenye chuma cha chapati, moto wa wastani. Upande wa kwanza ukipata madoa ya kahawia, geuza, paka mafuta au samli kidogo. Geuza mara moja tena, basi. Ukigeuza geuza ovyo unakatika.

Huliwa ukiwa wa moto, na samli juu au na maziwa. Ukipoa ni mzuri vilevile, na ukiufunga kwenye kitambaa kikavu utakaa mpaka kesho yake bila shida.

Turudi kwenye bakuli

Yale maji ya dengu, watu wa Maharashtra hupika mchuzi mwepesi unaoitwa katachi amti, na ni sehemu ya sikukuu, si makombo. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na bizari nyembamba. Tia pilipili, mimina yale maji na zile dengu za vijiko viwili ulizoziweka, ongeza ukwaju au ndimu na chumvi. Chemsha kidogo. Mchuzi huu unakuwa mkali na mchachu, na mkate ni mtamu, kwa hiyo vinasaidiana. Na ukibaki, kesho unalia ugali.

Tena kuna faida. Nafaka na jamii ya kunde vikiliwa pamoja vinajenga mwili wa mtoto kuliko kimoja peke yake. Ila mwenye ugonjwa wa sukari ajihadhari na mkate huu, na mtoto wa chini ya miezi 6 yeye ni ziwa la mama tu.

Tulivyojaribu sisi

Sasa msidhani mwalimu alipika mara moja ikakubali. Nilikwenda kwa mama wa yule mtoto wa insha. Ameniruhusu kuandika haya, ila jina lake nisitaje. Nilimwonyesha ile karatasi, akaisoma, akanirudishia. Akasema, "Mwalimu, mimi dengu nimezichoka hata harufu." Nikakaa kimya. Baadaye akauliza, "Sukari nani atatoa?"

Mara ya kwanza tulipika wawili na tukaharibu wawili. Tulitia maji mengi kama tunavyozoea kwa mboga, hatukuchuja, tukatia sukari humo humo. Ikawa uji. Tukalazimisha kuufunga kwenye unga, mikate ikapasuka yote kwenye chuma, moshi ukajaa ndani, jirani akaja kuuliza kuna nini kinaungua. Watoto walikula ule uji kwa vijiko na hawakulalamika hata kidogo, lakini mimi nilirudi nyumbani na aibu. Kikombe cha sukari si kitu cha kuchezea.

Mara ya pili tulingoja siku ambayo kitinda mimba wake anatimiza mwaka mmoja. Dengu alitoa yeye. Mimi nilinunua unga na sukari kutoka kwenye kile kiposho chetu cha kujitolea. Mafuta yalitoka kwa yule jirani aliyesikia moshi, na iliki punje chache alitoa bibi mmoja wa bloku ya jirani, alikuwa amezifunga kwenye pindo la kitenge. Tulipika vikombe viwili. Tulisimamisha mwiko ukaanguka mara tatu, mara ya nne ukasimama, na watoto wakapiga makofi utafikiri wameona mpira. Tulipata mikate 16, mitatu ikapasuka. Tulikata vipande ili kila nyumba iliyotoa kitu ipate, na zile zisizotoa nazo zikapata.

Yule mama alikula chake mwisho. Akatafuna polepole, akasema tu, "Inafanana na kitu cha mama yangu." Kumbe kwao walikuwa wanapika maharage ya kupondwa na ndizi zilizoiva siku za mavuno. Nilikuwa sijui. Mwanawe mwenyewe alikuwa hajui. Jioni ile tulimsikiliza akieleza yanavyopikwa, na tulikaa mpaka giza likaingia.

Neno moja kwa yeyote

Nataka nisieleweke vibaya. Siandiki haya ili mtu aseme, "Kumbe wakimbizi wanaweza kufurahia dengu, basi hakuna tatizo." Tatizo lipo. Chungu kinachopikwa kitu kile kile mwezi mzima kinachosha, na mzazi anayeona mgao unakwisha kabla ya siku ya mgao anajua mwenyewe moyo wake ulivyo. Mkate mmoja wa Wahindi haujazi sufuria. Na sukari na unga wa ngano ni vya kununua, si kila nyumba itaviweza kila mara. Ndiyo maana nasema changeni. Nyumba nne, kila moja itoe kidogo, mtapata mikate ya kutosha watoto wote.

Ila nasema hivi pia. Watoto wetu waliozaliwa hapa hawajui mbuzi wa babu. Wanachokijua ni kile wanachokiona tunakifanya. Tukingoja mpaka tupate nyama ndipo tuwafanyie siku, watakuwa wakubwa bila siku hata moja. Watu wa Maharashtra hawakungoja nyama. Walichukua walichovuna, wakaloweka, wakaponda, wakajaza, wakasukuma. Asilimia kubwa ya utamu wa mkate huu ni kazi ya mikono, na mikono tunayo.

Wiki mbili zilizopita, Jumatatu asubuhi, yule mtoto wa kike alinifuata kabla ya kengele. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Akasema mama yake amepika tena jana, peke yake, na huu ni wa mwalimu. Nilipofungua, mafuta yalikuwa yameingia kwenye hesabu za kugawanya. Mkate wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko wa kwangu mimi, tena haukupasuka popote.

Nilimrudishia daftari la insha, nikamwambia aongeze mstari wa tatu kama anao. Aliandika saa ya mapumziko: "Mwezi wa pili tulipika dengu za sukari na majirani wote walikuja." Sasa nimempa alama. Nane kwa kumi, kwa sababu alisahau nukta.

Wapendwa, kwa mwezi ujao naomba mniletee mapishi ya sikukuu za kwenu, yale mliyoyaona kwa mama zenu na bibi zenu. Asiyejua kuandika amtume mtoto, au aje shuleni mchana nimwandikie mwenyewe. Yule mama ameshakubali kutuelezea yale maharage ya ndizi, na tutaanza na hayo.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mpike salama, na mwiko usimame!

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.